Santuri Iliyofunika Mtungi

Nzuguni, Dodoma
Jumapili

Kaka Meshack,

Shikamoo. Huku mvua zimekatika mapema na uwele umenyauka. Baba yuko vilevile. Tangu apate kiharusi hajasema neno.

Unakikumbuka kile kifuniko cheusi cha mtungi wa maji? Juzi nilikiosha vizuri, nikaona kimeandikwa: Chilonwa Jazz. Kumbe ni santuri! Nikampelekea Mzee Jiten, fundi redio wa mjini. Akaifuta kwa shati lake, akalisoma jina mara mbili. Ameitafuta miaka thelathini, alidhani hakuna hata moja iliyosalia.

Akaipiga. Kaka, nywele zilinisimama. Zeze letu la Kigogo linalia peke yake, kisha tarumbeta linaingia taratibu, mpaka nikasahau nimekaa wapi. Halafu mwimbaji akaanza, nami nikaijua sauti. Ni Baba. Baba huyuhuyu aliyelivunja tarumbeta lako akisema muziki ni uhuni, siku ile ulipoondoka.

Jana Mzee Jiten alikuja na mashine yake, tukaiweka kando ya kitanda. Kuna mahali Baba anaacha kuimba, anamhimiza mpiga tarumbeta wake kwa jina. Tulipofika hapo, Baba alifumba macho, machozi yakamtoka, midomo ikacheza sambamba na sauti yake ya ujanani: "Puliza, Meshack! Puliza!"

Miaka yote hii hakutuambia jina lako alilitoa wapi.

Njoo, Kaka. Njoo na tarumbeta, hata la kuazima.

Mdogo wako anayekungoja,
Anyesi