Hakushindwa, Aliogopa

Jumatano, mvua tangu mchana.

Mvua imeanza saa nane na mpaka sasa haijaamua kama inaondoka au inalala hapa. Barabara ya kwenda mpakani imekuwa uji wa matope, malori yamesimama, watu wa bodaboda wamejibanza vibarazani, na mimi nimekaa kitandani na hasira zangu. Ndiyo, naandika nikiwa na hasira. Anayetaka maandishi ya mtu mtulivu atafute blogu nyingine, ziko nyingi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Athieno, mzaliwa wa Kisoko, mkazi wa Busia upande wa Uganda. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha. Kutwa nzima naandika karatasi za kueleza lori limebeba nini kabla halijavuka kwenda Kenya. Na nafuga chatu. Ni mmoja tu, mdogo, wa ile aina ambayo hata akizeeka hafikii urefu wa mtu mzima. Nimempa jina la Forodha kwa sababu anakaa tu, anakutazama, na hana haraka na mtu.

Alikuja kwenye lori la magunia ya simsim, yaani ufuta, kutoka West Nile, miaka miwili iliyopita. Utingo alikuwa ameshanyanyua spana ya magurudumu ampasue kichwa. Mimi nikaleta ndoo. Rafiki yangu Okello, anayefundisha baiolojia kule Busitema, ndiye aliyenisaidia kupata kibali cha kumfuga, na ndiye aliyenifundisha kumshika. Mama yangu hajakubali hadi leo. Kila akipiga simu ni yaleyale: "We Athieno, hiyo nyoka inakupa nini? Hata maziwa haitoi. Si ununue mbuzi?"

Sasa niseme la leo.

Mwenye nyumba wetu, Mama Nekesa, aligundua habari za Forodha mwezi uliopita, siku fundi wa umeme alipoingia chumbani kwangu na kutoka mbio akaacha ngazi yake. Mama Nekesa akanipa mpaka mwisho wa mwezi huu: nyoka atoke, au nitoke naye. Nikamwonyesha kibali. Akasema karatasi haiumi. Tukabishana karibu mwezi mzima, mpaka juzi alipokuja na wazo jipya, kwamba feloshipi ya Jumatano, kikundi cha maombi cha kanisa lake, ije isali chumbani kwangu, wamkemee pepo aliye ndani ya nyoka. Nikakubali. Mimi ni mtu wa kanisa hilohilo, naimba kwaya, na sijaona mtu aliyeuawa na maombi.

Walifika saa tisa, watu wanane na matari mawili, viatu vimejaa tope. Mchungaji akaniambia nimtoe nyoka wamwone.

Kumtoa nyoka kuna adabu yake. Humshiki kutoka juu, maana kinachomjia nyoka kutoka juu ni mwewe. Unapitisha mkono ubavuni, polepole, chini ya tumbo, unambeba mwili mzima asihisi kama anaanguka. Ukishamgusa usimwachie na kumgusa tena kama mtu anayepima chungu cha moto. Halafu hufanyi kitu. Wewe kaa kama tawi, yeye atembee. Ulimi unaotoka na kurudi taratibu ndio unaowatisha watu, na kumbe ndio pua yake. Anakunusa ajue wewe ni nani leo.

Na leo alitoka vizuri. Alinipanda mkononi mpaka kwenye kiwiko, mzito na mlegevu, ulimi unasoma chumba bila wasiwasi. Nikajiona mtu.

Kisha wakaanza. Matari, makofi, miguu kwenye sakafu ya saruji. Nyoka hana masikio kama yetu lakini mtikisiko unampata kila mahali, na mimi niliuhisi mwili wake ukikaza mkononi mwangu, pingili baada ya pingili. Mchungaji akanyoosha kiganja juu ya kichwa chake, kutoka juu kabisa, huku akipaza sauti. Forodha akavuta shingo nyuma, akaficha kichwa katikati ya mwili wake, akajikunja mpaka akawa donge.

"Ameinama!" Mama Nekesa akapiga yowe. "Ameshindwa! Mnaona? Kichwa imeenda chini!"

Vigelegele. Mmoja akaanza kulia. Mchungaji akatangaza kwamba pepo ametoka na aliyebaki ni mnyama tu, kiumbe cha Mungu. Mama Nekesa, machozi yakimtiririka, akaniambia mbele ya wote kwamba nyumba ni yangu, nikae hata miaka kumi.

Mimi nalijua lile donge. Nyoka huyu hana sumu na hana miguu ya kukimbilia. Akifikia mwisho wa hofu yake, kinachobaki ni kuficha kichwa na kungoja. Mara ya kwanza kumwona vile ilikuwa ndani ya ndoo, utingo bado ameshika spana.

Nilijua, na nikasema Amina.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili. Sasa ibaki. Nilisema Amina kwa sauti, tena nikatabasamu, kwa sababu chumba hiki ni dakika kumi kwa miguu hadi ofisini, kina bomba ndani ya ua, na nimechoka kuhama. Nikajiambia ukweli wa nini, wao wamefurahi, mimi nimepata chumba, nyoka atapona. Kila mtu ameshinda.

Haikupita hata robo saa.

Forodha alianza kufunguka. Kichwa kikatoka, ulimi sasa haraka haraka, na shingo ikajikunja kama ndoano. Okello alinifundisha siku ya kwanza: shingo ikikaa hivyo, hapo hakuna mjadala, rudisha mkono wako. Ni nyoka aliyesogezwa mpaka ukutani na amechoka kusogezwa. Na palepale Mama Nekesa, furaha imemjaa, akapeleka vidole kumpapasa kichwani. Vidole vilivyotoka jikoni kunyonyoa kuku wa wageni.

Nikapiga kelele "Usiguse!" mpaka tari likaanguka. Nikamgeuzia Mama Nekesa mgongo, nikamkumbatia nyoka tumboni kwangu. Wakatazamana, kisha wakacheka. Athieno ana wivu na nyoka wake, wakasema. Hata mchungaji akacheka.

Hawakujua, kwa sababu nimewaficha. Nimewaficha hata nyinyi mnaosoma hapa.

Siku ya Pasaka Forodha aliniuma. Nilikuwa nimenyonyoa kuku wawili, nikasuuza mikono kwa maji bila sabuni, nikaenda kumtoa. Yeye alinusa kuku, akahisi kitu chenye joto kinamjia, akafanya kazi yake. Alining'ata karibu na kidole gumba, akagundua kosa, akaachia. Ofisini nikasema nimechomwa na msumari wa bodi ya lori. Wiki nzima nilivaa mikono mirefu kwenye jua la Busia. Kosa lilikuwa langu kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini niliogopa kwamba nikisema ameniuma, hakuna atakayesubiri nusu ya pili ya maelezo.

Kabla hawajaondoka mchungaji akaongeza lake. Jumapili nimlete Forodha kanisani, kwenye kikapu, mpaka madhabahuni. Nitoe ushuhuda jinsi alivyoshindwa, kisha wanaotaka wapite mbele wamguse wajionee. Fikirieni. Spika zile ambazo nikisimama karibu nazo meno yananitetemeka, ngoma, watu wamepanga mstari, kila mkono unatoka juu, na nusu ya mikono hiyo imetoka kukata kuku wa Jumapili. Watoto watakuwepo. Na mimi nimesimama hapo nikisema msiogope, ameokoka.

Waliondoka saa kumi na moja. Nimekaa na fikra moja tu, ya kazini. Mtu akileta lori la saruji na karatasi zinasema mchele, sisaini. Awe rafiki, awe mjomba, alie, anibembeleze, sisaini. Nimegombana na madereva wa miraba minne kwa ajili ya mstari mmoja wa karatasi. Na leo watu wanane wamemwangalia mnyama aliyejaa woga tupu, wakaandika juu yake "ameshindwa", na mimi Athieno, mwenye mdomo mpakani, nikagonga muhuri.

Nikavaa sandali nikavuka ua kwenye mvua.

Mama Nekesa alikuwa anaosha masufuria. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana nikikaa ningelainika. Nikamwambia: Mama, nyoka hakushindwa, aliogopa. Mkono wako ulikuwa unakwenda kuumwa. Aliniuma mimi Pasaka, nikadanganya. Jumapili simleti.

Aliendelea kusugua sufuria. Halafu akasema, bila kunitazama, "Dada yangu alikufa na nyoka, Athieno. Tulikuwa kwa shamba ya mihogo. Mimi ndo nilibeba yeye kwa mgongo, hatukufika. Leo ndo mara ya kwanza nimekaa karibu na nyoka na magoti haitetemeki. Sasa hiyo pia unataka kuninyang'anya?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mwezi mzima nimemwita mshamba kichwani mwangu. Mwezi mzima sijamwuliza hata mara moja kwa nini anaogopa, mimi ninayejua kusoma woga wa nyoka mpaka kwenye shingo. Niliona aibu, na naona aibu sasa.

Lakini sikurudisha maneno yangu. Nilimwambia, "Mama, magoti ni yako. Nyoka ni yuleyule wa jana. Aliyesimama karibu naye leo ni wewe, kwa nguvu zako. Njoo kesho, unawe kwa sabuni, tukae chini wawili tu bila kelele. Nitakuonyesha akiwa salama anakuwaje, na akikasirika anakuwaje. Usipotaka kumgusa, usimguse."

Akaipangusa sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Nenda upumzike, mwanangu," akasema. "Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi."

Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nimempigia Okello. Ameniambia ninaweza kumpeleka Forodha Busitema akae kwake kidogo, mambo yapoe, nibaki na chumba changu. Nimemshukuru, nikakataa. Nikimhamisha nyoka sasa, watu wa hapa watasema Athieno naye ameona kuna pepo. Forodha aliulizwa mara moja tu leo, akajibu kwa mwili wake wote, wala hakudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Basi mimi ndiye nitakayelipa.

Najua kuna atakayeandika hapo chini kwamba nampenda nyoka kuliko watu. Andika tu. Mkono niliouzuia leo usiumwe ulikuwa wa mtu.

Nina hofu? Ninayo, tena nyingi. Mwisho wa mwezi ni siku kumi na mbili. Vyumba vya karibu na mpaka vinajaa madereva na wabadilisha fedha kabla hata rangi haijakauka. Mama yangu akisikia atasema mbuzi asingenifukuzisha nyumba. Kanisani watanitazama kwa jicho la pembeni, na wengine nimeimba nao miaka sita.

Hata hivyo Jumapili nakwenda. Sitakuwa na kikapu. Nitakaa na kwaya mahali pangu pa siku zote, na mchungaji akiniita mbele nitakwenda, nishike kipaza sauti, niseme habari ya kuku, ya sabuni, na ya donge lile, na kwamba nilisema Amina mahali ambapo sikupaswa kuisema. Wakitaka kunizimia spika, sauti yangu inawatosha.

Na kesho asubuhi, mvua ikinyesha isinyeshe, naanza kutafuta chumba. Safari hii sitangoja fundi wa umeme anitangazie habari zangu. Kila mlango nitakaobisha nitasema palepale: mimi ni Athieno, nafanya kazi mpakani, na nina chatu anayeogopa watu.

Atakayefunga mlango, afunge.