Fomu Niliyomdanganyia Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana mambo yamenifika shingoni. Mimi ni kinyozi, miaka sitini na sita, na huu ni mwaka wa pili tezi dume imenifanya kichekesho, namwacha mteja na povu shavuni nakimbilia msalani mara tatu kwa kichwa kimoja, huko nasimama mpaka miguu inachoka na kinachotoka ni matone, wateja wananitania, "Mzee, ulikuwa unachimba kisima?" nami nacheka nao huku moyoni naumia. Hospitali wamesema Alhamisi hii wataipunguza kwa leza bila kupasua tumbo, nikakubali, wiki iliyopita nikaitwa kujaza fomu ya maandalizi, naingia chumbani, muuguzi aliyeshika kalamu ni mke wa mwanangu, kumbe amehamishiwa kitengo hicho! Akasema, "Karibu baba, usione haya, hii ni kazi tu," akaanza, mkojo unauma? nguvu za kiume zimepungua? nikatamani ardhi inimeze, nikajibu hapana kwa kila kitu, hata aliponiuliza kama kuna dawa ninazotumia. Mshauri, mkojo unaniunguza, na mwaka wa nne huu nameza vidonge vya kuzuia damu isigande, alivyonipa daktari wa moyo, na nyumbani anayevijua ni mke wangu tu. Nafikiria kuviacha kimya kimya ili uongo wangu uwe kweli. Tena naogopa nitarudi nyumbani si mume tena. Nifanyeje?

Kinyozi mwenye haya

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuonea huruma, halafu nikakasirika. Aibu ya mkwe naielewa, lakini mficha uchi hazai, na wewe umeficha vibaya.

Usiguse vidonge hivyo kwa uamuzi wako. Ukiviacha ovyo, damu inaweza kuganda ikakupiga moyo au ubongo. Ukiendelea navyo kwa siri, unaweza kuvuja damu kuliko walivyojiandaa. Madaktari wako wawili, wa moyo na wa upasuaji, ndio wa kuamua, nao hawawezi kuamua juu ya kitu wasichokijua. Huo mkojo unaounguza huenda ni maambukizi, lazima upimwe na utibiwe kwanza. Tarehe ikisogezwa, isogezwe.

Kuhusu unyumba, muulize daktari bila kuzungukazunguka. Wanaume wengi nguvu hubaki, ila mbegu mara nyingi huingia kibofuni badala ya kutoka nje. Mkeo alisikie hilo kutoka kwako, kabla.

Kesho asubuhi duka libaki limefungwa. Nenda na mkeo na pakiti za vidonge, omba uhudumiwe na muuguzi wa kiume, useme: "Nilidanganya, naomba tuandike upya." Watu wazima husema hivyo kila siku na hawafi.

Ukinyamaza, damu yako ikikataa kusimama juu ya kitanda cha upasuaji, wewe utakuwa umelala usingizi wa dawa. Atakayesimama kujieleza ni aliyetia sahihi fomu ile, binti anayekuita baba.