Viatu vya Kuazima

Mjukuu wangu Aziza,

Hapa Kisangani tuko salama. Tonton, mjomba wako, amepata mutoto wa kike, analia kama king'ora. Bon. Tangu nisome barua yako situlii, nakaa, nasimama. Unasema serikali inataka kukata msaada wa kituo chenu cha watoto, na wakubwa wanakuja kukagua. Unauliza muwaonyeshe nini.

Wakati wa Wabeleji nilisaidia kwenye nyumba ya wamama, tulipogawia watoto waliokonda maziwa ya serikali. Tukasikia yatakatwa, ila mkubwa mmoja atakuja kuona kwanza. Alors, tukamwandalia kama mgeni. Tukawapaka watoto mafuta, tukawaazimia viatu, tukampikia kuku. Waliokonda sana tukawaweka chumba cha nyuma, kwa haya. Alikula, akafurahi. "Watoto iko muzuri!" akasema. Maziwa yakakatwa.

Wiki iliyofuata mwenzangu Mama Feza alijitwika mizani ya watoto hadi kwenye baraza ya ofisi ya yule mkubwa. Tukamfuata, tumebeba wale wa chumba cha nyuma. Akampandisha mmoja kwenye mizani.

"Bwana, soma wewe mwenyewe."

Yule mkubwa akasoma. Akasoma wa pili. Kwa wa tatu alivua kofia.

Maziwa yalirudi, lakini si wote waliowahi kuyanywa tena.

Niandikie upesi wageni wenu wakishapita. Siku ile, aliyefunga mlango wa chumba cha nyuma ni mimi.

Koko wako