Beji ya Tumboni

Mume wangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua. Jana alikuja kazini kwangu kupigwa eksirei. Nilipojikinga nyuma ya ukuta akafoka, "Unaniacha na mionzi, wewe unakimbia?"

"Mama, wewe ni leo tu. Mimi ni kila siku."

Ndipo akaziona beji zangu za kupimia mionzi.

"Mbona mbili?"

"Ya kifuani inanipimia mimi. Ya tumboni inampimia mjukuu wako."

Kwa mimba iliyotutoka mwaka juzi, nilitaka kunyamaza kwanza, hata kwako. Lakini mama alipiga vigelegele, goti akalisahau!

Nimemwapisha asikupigie simu mpaka barua hii ikufikie. Mpigie upesi, asije akapasuka.

Mkeo wa beji mbili