Maswali Yasiyokatwa

Binti yangu mpendwa,

Salamu kutoka kibandani kwangu. Redio za kutengeneza zimepungua, mguu unaniuma asubuhi tu, na yule paka wa mama yako bado anasusa chakula nikimwekea mimi.

Nimelikuta daftari la marehemu chini ya cherehani. Unamjua mama yako, maswali hayakumkauka mdomoni hata uzeeni. Kumbe yote aliyaandika, na akijibiwa alilikata swali kwa mstari. Hamira huumuaje unga? Amelikata, alimuuliza mwoka mikate. Mbona mwezi unatufuata tukitembea? Amelikata; alimvizia mwalimu langoni mwa shule.

Yasiyokatwa ni yale aliyoniuliza mimi. Sauti huingiaje ndani ya redio? Nilimjibu, "Wewe mwanamke, kwani maswali yanaliwa?" Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikujua, nilijua kubadilisha vipuri tu. Juzi nilifunga kibanda nikaenda kumuuliza fundi wa kituo cha redio. Alinieleza mpaka nikaelewa, nikarudi nikalikata.

Limebaki moja, la miaka miwili kabla hajalazwa: "Hiki kivimbe cha kwapani ni cha nini?" Nilikuwa nimeinamia redio ya mteja. Nikamwambia, "Kitaisha chenyewe."

Siku ya mazishi uliniuliza mbona mama alichelewa kwenda hospitali, nikasema sijui. Jibu ndilo hilo, mwanangu.

Kama bado una swali kwangu, njoo uniulize. Nitainua macho.

Baba yako