Kuku Tano za Nestori

Jumatatu, tarehe 8 Januari 1996
Nimefagia kibanda cha kuku. Mayai manne. Kuku zangu ni sita na jogoo mumoja, zote nzima, zote na kucha ya muguu wa kushoto imekatwa. Alama yangu hiyo. Kwenye barabara yetu kila mutu iko na alama yake, Nestori wa pembeni anafunga kitambaa chekundu muguuni. Hakuna mwenye kuku nzuri kama zangu. Nasema vile kwa sababu ni kweli. Ile nyeusi, Madamu, njo mukubwa wao. Zingine zinamupisha.
Masasi ya bunduki asubuhi, upande wa juu. Halafu kimya.
RAS. Kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, nililinda depo miaka makumi tatu na moja, siku ikipita bila kitu tuliandika RAS kwenye kaye, daftari ya zamu. Maana yake hakuna la kusema. Kuandika nilijifunzia pale, si shule. Na kaye yangu shefu alikuwa anaonyesha wengine.

Jumatano, tarehe 10 Januari
Nestori amekuja asubuhi na kikapu. Ndani kuku tano. Yeye na muke wake, Mama Diyo, wanaenda Kajaga kwa kaka ya muke. Vijana wa kartye, wa mutaa wetu, wamechora musalaba wa makaa kwenye mulango wake. Kila mutu anajua maana yake, ondoka. Kwangu hawajachora. Katika vita hii mi si wa upande wake.
Miaka makumi mbili na mbili ukuta wetu ni mumoja.
Akasema, Mzee Tewo, unichungie hizi. Nikirudi nipate pa kuanzia.
Nikamuambia, hata moja haitapotea. Mi si mutu wa kupoteza.
Akacheka. We unajisifu sana, lakini leo nakuamini.
Wameenda kwa miguu. Matela ya kulalia kwenye kichwa cha muke. Sikupenda kuangalia.

Alhamisi, tarehe 11 Januari
Kuku mugeni haingizwi ovyo. Inakaa siku saba nyuma ya wavu. Zinaonana, zinazoeana, hazigusani. Siku ya saba unafungua. Hiyo njo kazi yenyewe, na mi naijua kuliko watu wote wa kartye.
Lakini siku saba nyuma ya wavu, kila anayepita ataona kuku tano peke yake, na vitambaa vyekundu. Atajua ni za nani. Mutu anayechunga vitu vya watu waliofukuzwa, nyumba yake nayo inachorwa.
Nimetoa vitambaa. Nimevichoma. Nimekata kucha za kushoto, zote tano. Damu kidogo. Nimepaka majivu. Jioni nimeziingiza pamoja na zangu, siku ileile.
Najua si vizuri.

Ijumaa, tarehe 12 Januari
Vita ndani ya kibanda. Madamu amemupasua nyeupe ya Nestori kichwani. Yake ingine, ya shingo tupu, imejificha nyuma ya ndoo mpaka saa sita. Nimeosha ndagala, samaki ndogo za ziwa, maji yake nimemwagia kuku zote, zangu na zake, ili zinuke kitu kimoja. Zimenuka ziwa lote. Zimepigana vilevile.

Jumapili, tarehe 14 Januari
Baada ya misa nimepita kabare kunywa. Bosko alikuwepo, njo mukubwa wa vijana wa kartye. Nimemujua akiwa hajavaa suruali. Mama yake alikuwa ananiletea avoka deponi.
Mutu mumoja akasema kuku zote ni sawa, ukichanganya za nyumba mbili hata mwenyewe hatambui. Nimecheka. Nikamuambia, we lete kuku makumi ine, za nyumba mbili, mi nitakutolea wageni wote bila kuangalia miguu. Unamwaga mahindi fungu moja, unakaa kimya. Inayokula njo ya nyumba. Inayongoja pembeni njo mugeni.
Wamepiga meza. Bosko mwenyewe akasema, huyu Mzee ni profeseri. Wameninunulia urwarwa, pombe ya ndizi, chupa ya pili, ya tatu. Nimerudi nyumbani mbele ya kuvrefe, saa ya kukatazwa kutembea, nikiwa na furaha. Miaka mingi sijasikilizwa vile.

Jumatatu, tarehe 15 Januari
Kichwa kinauma. Nimemwaga mahindi. Zangu zimekula. Tano za Nestori zimesimama pembeni, kwenye mustari, kama watu mbele ya ofisi.
Njo nikakumbuka nilichosema jana, na nani alikuwa anasikiliza.
Mupumbavu. Mupumbavu mwenye mvi.

Jumanne, tarehe 16 Januari
Nimemufungia Madamu peke yake chini ya kikapu, na jiwe juu. Mukubwa akiondoka siku tatu, akirudi anarudi mudogo kidogo. Nimemwaga chakula pahali sita, mbalimbali, ili hakuna wa kungoja. Vichwa vya ndagala nimezilisha za Nestori kwa mukono. Nyeupe imenidonoa. Sawa.
Siku hazitoshi. Nahitaji siku saba ambazo nilizikataa.

Alhamisi, tarehe 18 Januari
Tatu za Nestori zinakula na zangu. Kazi nzuri, hata kama naisema mwenyewe. Nyeupe bado. Shingo tupu bado.

Ijumaa, tarehe 19 Januari
Vijana wametoa mabati ya nyumba ya Nestori. Mchana, watu wakiangalia. Wamechukua mulango wenye musalaba pia. Nilikuwa ndani, nahesabu misumari inavyolia. Madamu nimemufungua. Amezunguka lupango, kiwanja chote cha nyumba, mara moja, halafu amemupiga nyeupe.

Jumamosi, tarehe 20 Januari
Wamekuja asubuhi. Bosko na wengine wane. Hawakuwa na hasira. Bosko alikuwa na kikombe cha mahindi mukononi.
Mzee, tumekuja kusoma, akasema. Wenzake wakacheka.
Nikasema kuku zote ni zangu. Kumi na moja na jogoo, angalia miguu.
Wameangalia miguu. Kucha zote zimekatwa. Bosko akanipiga begani taratibu. Mzee ni fundi kweli. Sasa tuone na somo lingine.
Akamwaga mahindi fungu moja katikati. Tukakaa kimya wote. Zimekuja mbio. Tatu za Nestori zimeingia na zangu, kichwa chini, hakuna aliyezijali. Nyeupe ikasimama pembeni. Shingo tupu ikasimama pembeni. Na ile yangu ya kijivu, kilema, imekuwa inangoja wengine tangu ivunjike muguu, nayo ikasimama. Nyeupe ikajaribu. Madamu akaifukuza mpaka kwenye viatu vya Bosko.
Bosko akaokota nyeupe. Akaniangalia. We mwenyewe ulitufundisha, Mzee. Ama ulitudanganya?
Njo hapo.
Ilitosha kusema, nilidanganya. Nilikuwa nimelewa, sijui kitu, kuku ni kuku. Wangecheka, wangeniita muongo, wangeenda. Neno moja. Nililiona neno lenyewe. Na watu walikuwa wamejaa kwenye ukuta wanaangalia, walewale wa kabare.
Nikasema, mi sidanganyi watu.
Wamechukua tatu. Wamezivunja shingo palepale, nyeupe, shingo tupu, na ile yangu ya kijivu. Sikuwaambia kwamba hiyo ilikuwa yangu. Elimu yangu ilikosea kuku moja, na sikusema hata hiyo.
Bosko akiwa mulangoni akasema, watarudi kuangalia ni nini kingine nawachungia wale waliofukuzwa.

Jumapili, tarehe 21 Januari
Sikuenda misa. Mulango nimeweka kitanda nyuma yake. Mayai hakuna.

Jumatano, tarehe 24 Januari
Hawajarudi. Kila kiatu kinachopita nadhani njo wao. Kuku nane sasa. Zinakula pamoja. Zimezoeana vizuri kabisa. Nimezichukia.

Jumamosi, tarehe 27 Januari
Mvua. Kwa Nestori maji yanaingia pasipo bati, yanatoka chini ya ukuta wangu. Nimechimba mufereji. Mugongo unauma. Kaka ya marehemu muke wangu amenitumia mutu, niende kwake, huku si pa kukaa mzee peke yake. Apana. Nikienda, Nestori akija atamukuta nani?

Alhamisi, tarehe 1 Februari
Mama Diyo amekuja asubuhi pamoja na wanawake wa kuuza ndagala, besheni kichwani, kitenge kimeshuka mpaka machoni. Sikumutambua mpaka aliponiita jina.
Peke yake. Siku ileile waliyoondoka, njia ya Kajaga, walisimamishwa. Wanawake wakaambiwa waende mbele. Nestori akaambiwa angoje pembeni. Hakumuona tena. Viatu tu, mutu mumoja alimuletea viatu vya bwana yake.
Alisema yote hayo akiwa amesimama. Alikataa kiti.
Tangu tarehe kumi. Mi nilikuwa nakata kucha za kuku zake na yeye tayari hayupo.
Akaomba kuku. Nikaingia kibandani. Tatu zake. Nikaongeza Madamu, na ya kahawia inayotaga kila siku. Nikazifunga miguu na kamba ya mugomba. Nikasema, tano, kama alivyoacha.
Akamushika Madamu, akamugeuza. Huyu si Madamu? Huyu aliyekuwa anaingia jikoni kwangu kuiba mihogo?
Ni wako sasa.
Mzee Tewo. Zangu mbili ziko wapi?
Nikamuambia. Kabare, urwarwa, kikombe cha mahindi, neno ambalo sikusema. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Sijawahi kusimulia namna ile. Alisikiliza akiangalia chini. Hakunitukana. Ningependa anitukane.
Akapanga kuku kwenye besheni, akafunika na majani. Nikamufundisha. Kwa kaka yako kuna kuku zingine, usiziingize leo. Siku saba nyuma ya wavu. Usifanye haraka kama mi. Zikionana kwanza, hazitapigana sana.
Akapandisha besheni kichwani.
Sawa, Mzee. Na mi mwenyewe kule nakula wa mwisho.
Akaenda. Nilisimama mulangoni mpaka wanawake wa ndagala wakapinda kona wote. Mulango niliacha wazi.

Jumapili, tarehe 4 Februari
Kuku tatu na jogoo. Nimemwaga mahindi fungu moja. Zimekula zote pamoja, hakuna iliyongoja. Mi njo nilikuwa pembeni, na kikombe.
Yai moja. Nimelichemsha, limekaa mezani.
Kengele ya misa imelia, nimesikia watu wanapita. Mumoja aliita, profeseri. 
Niliandika RAS. Nimeikata na kalamu.