Msemaji Aliyesahau Kukataa

Jumanne, 2 Desemba
Umeme umerudi mchana. Binti yangu yuko kazini, nyumba ni yangu. Nimefunga geti, nimevuta pazia, nimetazama filamu nyingine ya Noeli. Msichana anarudi kijijini kwao, anamkuta mwanaume anayeuza miti ya Noeli. Kifaransa kimebandikwa tu: midomo inakwenda huku, maneno kule. Tangu mwanzo najua wataoana. Ndio utamu wake. Theluji inaanguka na hakuna anayeugua kifua. Hakuna anayekimbia nyumba yake. Hata mtu mbaya wa huko, ubaya wake ni kuongea sana kwenye simu.

Shemasi aligonga, nikabadilisha chaneli haraka, nikaweka mechi ya mpira. Mimi, mzee wa kanisa mzima, macho mekundu. Nikamwambia ni moshi wa jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

Ijumaa, 5 Desemba
Ndugu wamekaa kikao leo. Mahari ya Solange ni Jumamosi ya wiki ijayo. Solange ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, mimi ndiye niliyemlea. Kijana anaitwa Bahati, anauza maharage sokoni Kiwanja. Msemaji wetu nitakuwa mimi, hakuna aliyebisha. Mtaa wetu wote wa Katoyi unakumbuka nilivyowaweka wageni wa Masisi nje ya hema la mahari mpaka mvua ikawapata.

Msemaji wa upande wa msichana kazi yake ni kukataa. Aseme wageni wamepotea njia. Hapa hakuna msichana wa jina hilo, na kama yupo hatoki. Ndivyo mtoto anavyopewa heshima. Chema hakitolewi mbio.

Jumatano, 10 Desemba
Nilipaswa kuyapanga maneno ya kukataa. Nimetazama filamu. Baba mgane, kama mimi. Anakanda unga na binti yake, halafu anamuuliza: unampenda huyo? Nimelia kama mtoto mchanga. Swali hilo sijawahi kumuuliza mtu. Hata mama wa watoto wangu sikumuuliza.

Jioni wakairudia. Nikatazama tena. Nilimwambia binti yangu nasubiri habari. Sina haya.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimeharibu.

Wageni walichelewa, gari lao lilikwama. Bahati aliingia na tope hadi magotini, kofia mkononi. Msemaji wao akaanza vizuri, kwamba wameona ua zuri ndani ya boma letu. Zamu yangu ikafika. Maneno nilikuwa nayo. Nikalitazama lile tope, nikamtazama kijana, moyo ukalegea. Nikaagiza Solange aitwe. Nikamuuliza mbele ya watu wote kama anampenda huyu. Akasema ndiyo, kwa sauti ndogo. Nikasema basi, mchukueni.

Mimi mjinga nilikuwa nangoja makofi. Kwenye filamu huwa wanapiga makofi.

Shangazi wa Bahati akasimama. "Mbona munamutoa mbio hivi? Huyu mutoto iko na nini?"

Nilisahau kitu ambacho hata watoto wanakijua. Msichana anayetolewa bila wageni kukataliwa kwanza ni msichana ambaye kwao wanataka kumwondoa. Ana ugonjwa, au ana mimba ya mwingine. Wageni wakasema wanarudi kufikiri. Chakula hawakukigusa. Solange alibaki amesimama katikati ya hema na kitenge chake kipya, na hakuna hata mmoja aliyemvutia kiti. Mimi pia sikumvutia.

Jumapili, 14 Desemba
Sikwenda kanisani.

Jumanne, 16 Desemba
Maneno yamezagaa sokoni Kiwanja. Wanataja hata mwezi wa mimba. Solange hatoki chumbani. Dada yangu anataka tuseme nilikuwa nimekunywa. Lakini kila mtu anajua sinywi, na uongo ukigundulika wataamini zaidi kwamba tunamficha mtoto. Wanahitaji sababu ya kweli. Sababu ya kweli ninayo. Ni ya kipuuzi mno.

Alhamisi, 18 Desemba
Nimetoka Kiwanja. Niliketi mbele ya wazee wao, nikasema yote. Filamu, theluji, baba na unga wake. Pazia nililovuta. Nilitamani ardhi inimeze.

"Muzee muzima?" shangazi akauliza. Nikasema ndiyo. "Na unaliaka?" Ndiyo.

Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Wakaita na majirani waje wasikie. Nilikaa nikatazama mikono yangu. Lakini niliona uso wa yule mama unafunguka. Ameamini. Hakuna mtu anayeweza kujitungia aibu kama hiyo. Watarudi Jumamosi, kwa sharti moja: safari hii niwakatae sawasawa.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimewakataa. Nimewaambia wamepotea, waulize nyumba ya pili. Nimesema hata mbwa wetu hajawahi kuwaona. Shangazi alikuwa anang'aa kwa furaha. Wakabembeleza, wakaimba, wakaongeza ng'ombe mmoja. Ndugu zangu wananishika mkono, wanasema leo ndiyo mimi mwenyewe. Solange aliletwa akiwa amefunikwa, akakabidhiwa. Watu walikula wakashiba.

Watoto wa jirani wameshanipa jina, Papa Noeli. Wacha waniite.

Jumapili, 21 Desemba
Solange ameniletea chai baada ya ibada. Ameketi kwenye mkeka. Halafu: "Baba mukubwa, ile siku ya kwanza uliniuliza. Hakuna mutu mwingine aliniuliza."

Alikuwa anashukuru. Anataka nijue kwamba siku ile niliyoiharibu, yeye aliipenda.

Jana nilikuwa na nafasi ya kumuuliza tena. Nilimwogopa shangazi wa Bahati, nikanyamaza. Leo nimemwambia tu kwamba chai ni nzuri.